Mali, nyumba na masomo: kugawanya wakati ndoa inavunjika

Katika Kiswahili chetu cha Kongo, neno "mali" linabeba mizigo miwili. Mu Lubumbashi kijana akisema "nimeisha kutoa mali", kila mutu anaelewa kwamba amelipa mahari. Lakini nyumba, shamba na mashini ya kushona ni mali vilevile. Basi, bwana na bibi wakiachana, wazee wanapokaa kwenye barza wanauliza kwanza habari ya mali ya mbuzi na ng'ombe. Ile mali ingine wanaigusa kwa haraka, ao hawaigusi kabisa. Sisi tunaona kwamba ulizo hilo la kwanza lilikuwa na akili yake wakati wa mababu. Leo linaacha inje vitu viwili vilivyo vikubwa kuliko vyote mu maisha ya watu wa muji: nyumba ya matofali na masomo.

Kwa mababu, nyumba haikuwa kitu cha kugombania. Ilijengwa kwa miti na majani, na kisha miaka michache ilibomolewa. Udongo haukuwa wa mutu mumoja. Kwa Bashi, mutu alipata shamba kwa njia ya kalinzi: alitoa ng'ombe kwa chifu, naye akapata haki ya kulima, yeye na wana wake. Bibi alilima shamba hilo, lakini kalinzi haikuwa yake. Kwa Bashi, kwa Balega, kwa Banande na kwa Baluba wa Katanga, watoto ni wa ukoo wa baba, na mahari njo iliyofunga jambo hilo. Kwa hiyo bibi akirudi kwao, kazi ya wazee ilikuwa paka moja: kuhesabu vitu vilivyotolewa, kuhesabu watoto waliozaliwa, na kusema ni ngapi virudishwe.

Kwa Babemba na Balamba wa kusini ya Katanga mambo yalikuwa kinyume. Kule watoto ni wa ukoo wa mama, na kijana alienda kukaa kwa wakwe na kuwafanyia kazi. Ndoa ikivunjika, mwanaume njo aliyebeba mukeka wake na kwenda. Tunakumbusha hilo kwa sababu siku hizi watu wanapenda kusema "desturi ya Mwafrika ni mwanamuke atoke mikono mitupu". Desturi ya Mwafrika gani?

Wabelgiji walipoweka tribinali za wenyeji kwa dekreti ya 1926, waliandika mu vitabu mambo yale ya barza: mahari irudi ao isirudi. Lakini kule mu Katanga kampuni ilikuwa tayari inageuza ndoa yenyewe. Union Minière, iliyoanzishwa mu 1906, ilichoka kuchukua kila mwaka wafanyakazi wapya kutoka mbali, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kutaka mufanyakazi akae na bibi wake mu kampi. Kwa kijana asiye na kitu, kampuni ilitoa feza ya mahari kwanza, kisha ikaikata kidogo kidogo mu mushahara. Kumbe deni la ndoa liliingia mu nyumba siku moja na bibi arusi! Posho ya bibi na ya watoto ilitoka kwa kampuni, na nyumba vilevile ilikuwa ya kampuni. Hapo ndipo mwanamuke wa Katanga alijifunza jambo geni: akiachana na mume, anapoteza mume, posho na paa siku moja, na hakuna wa kushitaki, kwa maana nyumba haikuwa ya mume pia.

Nyumba ya kugombania ilikuja kisha vita vya 1940-1945. Mu 1952 serikali ya koloni iliunda Office des Cités Africaines, ambayo watu wanaijua kwa jina la OCA, na nyumba zake za matofali bado zinasimama mu Bagira kule Bukavu na mu miji mingine. Mutu mweusi aliweza sasa kupewa mukopo wa kujenga ao kununua. Lakini mukopo ulienda kwa mwenye mushahara, na mwenye mushahara alikuwa mwanaume. Jina lake njo lililoandikwa. Sheria ya udongo ya 1973 iliposema kwamba udongo wote ni wa Serikali na kwamba ushuhuda wa haki ni certificat d'enregistrement, karatasi hiyo pia ilibeba mara nyingi jina moja tu.

Sasa tuje kwa masomo. Wakati wa UNAZA, toka 1971 mpaka 1981, na hata miaka kidogo kisha, mwanafunzi wa université alikula na kulala kwa feza ya Serikali. Bursi zilipokufa na mishahara ikakosa maana mu miaka ya 1990, mambo yaligeuka. Kila familia ilijilipia. Na ndani ya familia, nani alikuwa na feza mkononi? Mama wa soko. Mu Kadutu, mu Kenya, mu Kisangani, mama aliuza samaki, unga wa muhogo na pagne, akaingia mu likelemba, na zamu yake ya kupokea ilipofika, feza ilienda kulipa minervali. Mara ya mutoto, mara ya mume. Wengi wetu tunajua mulisansie fulani ambaye diploma yake inanuka samaki wakavu. Hakuna benki iliyomukopesha. Aliyemukopesha alikuwa bibi wake, bila karatasi, bila shahidi.

Wakiachana, itakuwa namna gani? Nyumba inaweza kuuzwa na feza kukatwa mara mbili. Diploma haikatwi.

Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987 iliwapa watu wa ndoa njia tatu: kila mutu na mali yake, mali yote kuwa ya wote wawili, ao ile ya katikati, ambapo kila mumoja anashika alichokuwa nacho mbele ya ndoa na alichoriti, lakini vilivyopatikana kwa kazi ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Wasiochagua wanahesabiwa kuwa wamechagua ile ya katikati, na kweli walio wengi hawachagui. Mbele ya ofisa wa etasivili kila mutu anawaza paka sherehe. Basi kwa sheria, nyumba iliyojengwa tofali kwa tofali mu miaka ya ndoa ni ya wote wawili, hata kama karatasi ina jina la bwana peke yake. Hilo wengi hawalijui, na mama anafunga mizigo yake usiku.

Code hiyohiyo ilimufunga mwanamuke kwa upande mwingine: ilitaka ruhusa ya mume kwa matendo yake ya sheria. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Sasa bwana na bibi wanapaswa kupatana wao wawili. Kuhusu masomo, sheria haina neno la wazi. Lakini inaacha mulango moja: inje ya kugawanya mali, jaji anaweza, kwa haki, kumupa yule asiyeleta uvunjaji wa ndoa kiasi fulani cha feza, mara moja ao kwa vipande. Tunafikiri deni la minervali linaweza kupita hapo, kama mama anaweza kuonyesha alilipa nini. Kaye ya likelemba, risiti ya chuo yenye jina lake, mwenzake wa soko anayekumbuka: hivyo si vitu vya kutupa. Na kama ndoa ilifanyika kwa jamaa tu, bila kuandikishwa ku komini, kazi ya kwanza mbele ya tribunal de paix itakuwa kuonyesha kwamba ndoa ilikuwako.

Kwenye barza mambo yanaanza kugeuka polepole. Familia za muji siku hizi zinaandika liste ya mahari ku karatasi, na musichana mwenye diploma anaombewa zaidi, kwa maneno kwamba baba alimusomesha. Maana yake wazee wamekubali kwamba masomo yana bei, na kwamba aliyelipa anaweza kudai. Wanaikubali wakati baba njo anadai. Mama wa soko aliyesomesha mume wake anakuja mbele ya wazee walewale, na tunangojea kuona kama watafungua kaye yake pembeni ya liste ya mbuzi.