Nyiego Katika Nyumba ya Ruoth: Ushindani wa Ndugu wa Kike kwa Mfalme na Tamthilia ya Kihistoria

Utangulizi

Miongoni mwa misuko inayorudiwarudiwa katika tamthilia na filamu za kihistoria, umo ule wa ndugu wawili wa kike wanaogombea moyo wa mfalme mmoja. Mfano mashuhuri ni ule wa Mary na Anne Boleyn, waliopendwa kwa nyakati tofauti na Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Riwaya ya Philippa Gregory juu yao, The Other Boleyn Girl, ilichapishwa mwaka 2001, ikafanywa tamthilia ya televisheni na BBC mwaka 2003, kisha filamu ya sinema mwaka 2008. Aghalabu msuko wa namna hii huusawiri ushindani kuwa suala la tabia: dada mmoja ni mpole, wa pili ana tamaa, na tamaa ndiyo inayoibomoa nyumba.

Makala haya yanadai kwamba usawiri huo huficha chanzo cha ushindani wenyewe. Ili kulidhihirisha dai hilo, msuko huu unatazamwa kutoka mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ambako lugha ya Kiluo ina msamiati mahususi wa ushindani wa aina hii, na ambako athari zake zingali zikionekana katika mitaa ya mji wa Kisumu, kama vile Nyalenda.

Historia dhidi ya jukwaa

Ni vyema kuanza na historia ya akina Boleyn, kwa sababu inatofautiana na jukwaa katika jambo la msingi. Mary aliolewa na William Carey mwaka 1520, na uhusiano wake na mfalme ulikuwa wa miaka ya mwanzo ya 1520. Henry alianza kumwandama Anne kunako mwaka 1526, wakati uhusiano ule ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo ushindani wa dada wawili kwa wakati mmoja, ambao ndio uti wa mgongo wa filamu, hauna ushahidi madhubuti. Kilicho na ushahidi ni kupanda daraja kwa wanaume wa ukoo huo. Thomas Boleyn, baba yao, alipewa cheo cha Viscount Rochford mwaka 1525 na cha Earl of Wiltshire mwaka 1529. Anne alivikwa taji tarehe 1 Juni 1533, na tarehe 19 Mei 1536 akakatwa kichwa, siku mbili baada ya kaka yake George kuuawa. Mary, aliyekuwa amefukuzwa katika baraza kwa kuolewa na mtu wa daraja la chini bila idhini, alifariki mwaka 1543.

Zaidi ya hayo, suala la undugu lilikuwa suala la kisheria kabla halijawa suala la moyo. Henry alitaka kumwacha Catherine wa Aragon kwa hoja kwamba ni haramu mtu kumwoa mjane wa nduguye, akitegemea Kitabu cha Walawi. Lakini mwaka 1527 yeye huyohuyo aliomba ruhusa ya Papa ya kumwoa mwanamke ambaye ndugu yake wa kike alikuwa amelala naye. Mtazamaji wa Nyanza anapaona hapa pahali ambapo mtunzi wa filamu hapaoni. Kwa Waluo, mjane ni chi liel, yaani mke wa kaburi, na desturi ya tero ilimtaka ndugu wa marehemu amtwae na kuiendeleza nyumba kwa jina la marehemu. Jambo lililoitikisa Uingereza kwa miaka kadhaa lingekuwa wajibu wa kawaida kandokando ya Ziwa. Kwa hiyo hisia za wahusika haziwezi kueleweka mpaka kwanza ijulikane sheria ya nyumba wanamoishi.

Mke mwenza na nyieka

Kiswahili humwita mwanamke anayechangia mume na mwingine mke mwenza. Jina hilo latokana na wenza, yaani ushirika. Kiluo humwita nyieka, na neno hilo lina uhusiano na nyiego, yaani wivu au husuda. Kiswahili kimelitazama jambo kwa upande wa kushirikiana. Kiluo kimelitazama kwa upande wa kushindana. Hata hivyo itakuwa kosa kuifasiri nyiego kuwa chuki ya mtu binafsi. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya koo za Waluo katika miaka ya 1940, aliona kwamba nyiego baina ya wana wa baba mmoja na mama mbalimbali ndiyo iliyozigawa koo na kuzifanya zitawanyike. Koo kadhaa zilikuja kutambulikana kwa jina la mama. Kwa maneno mengine, ushindani wa wake uliandikwa juu ya ardhi.

Mpangilio wa boma huthibitisha hayo. Mke wa kwanza, mikayi, alijengewa nyumba mkabala wa lango kuu. Wa pili, nyachira, upande mmoja. Na wa tatu, reru, upande wa pili. Kila mke alipewa mashamba yake, na wanawe ndio walioyarithi. Mwenye boma, wuon dala, hakuwa na haja ya kuwachochea wake zake, kwa kuwa mpangilio wenyewe uliwachochea. Ijapokuwa baadhi ya wake walimleta mdogo wao aolewe nyumbani mule, kwa matumaini kwamba damu moja ingepunguza nyiego, dada huyo naye alipata nyumba yake, shamba lake na wanawe. Undugu wa kuzaliwa uliingizwa katika mizani ileile.

Hali hii inakumbusha kisa cha Lea na Raheli katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29 na ya 30. Wasomaji wengi hukumbuka husuda ya Raheli. Wachache hukumbuka kwamba Labani, baba yao, ndiye aliyewaingiza wote wawili kwa Yakobo kwa hila, akajipatia miaka 14 ya kazi. Walawi 18:18 ikaja kukataza mtu kumwoa dada wa mkewe angali hai mkewe, kwa hoja ya ushindani. Sheria hiyo iliitambua athari ya mpango wa Labani, lakini masimulizi yakawaachia wanawake lawama.

Shakespeare naye, katika King Lear, alilidhihirisha jambo hili waziwazi kuliko filamu yoyote ya akina Boleyn. Humo mabinti watatu hushindania upendo wa mfalme ambaye ni baba yao. Goneril na Regan hushinda kwa maneno matamu. Cordelia hukataa kushindana, akanyimwa urithi. Lakini ni Lear mwenyewe aliyeuandaa mnada huo, akaifanya ardhi kuwa bei ya mapenzi. Tamthilia haimsamehi, inamtoa nje, katika tufani.

Mke asiye na jina

Katika mighani ya Waluo, kisa kilicho karibu zaidi na msuko huu ni cha Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa wa jiwe. Wanandi, waliomshindwa vitani, walimpelekea msichana mzuri awe mkewe. Wazee wa Kano walimwonya, naye hakusikia. Siku alipougua, na mke wa kwanza hayupo, mke mgeni aliambiwa achanje kivuli chake badala ya mwili. Akaona damu ikitoka. Akatoroka usiku, akawapasha habari watu wake. Katika vita vilivyofuata mkuki ulipigwa kwenye kivuli, na shujaa akaanguka na kuwa jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa hadi leo katika nchi ya Kano.

Watambaji wengi hukifunga kisa hiki kwa onyo juu ya wanawake. Lakini msuko wenyewe hausemi hivyo. Wazee wa Kinandi ndio waliomtuma msichana. Magere ndiye aliyempokea kinyume cha shauri la wazee wake. Magere ndiye aliyeitoa siri. Msichana alipewa wajibu na baba zake, kama Anne na Mary walivyopewa na wao. Na katika masimulizi mengi hana jina. Huitwa binti wa Lang'o basi. Ulinganisho na Fumo Liyongo wa pwani unafaa hapa. Siri ya Liyongo, sindano ya shaba kitovuni, ilitolewa na mwanawe mwenyewe, kwa kutumwa na mtawala. Hata hivyo hakuna aliyejenga juu ya kisa hicho methali ya kuwatahadharisha watu na wana wa kiume.

Suala hili halikomei kwenye fani. Tamthilia ya Okoiti Omtatah, Lwanda Magere, ilichapishwa mwaka 1991. Mnamo Oktoba mwaka huohuo mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, mpakani mwa nchi ya Wanandi na Waluo, na familia nyingi zikakimbia. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayomkumbusha mhakiki kwamba mke mgeni wa mighani ana mabinti na wajukuu wanaoishi. Kisa kinachomlaumu yeye peke yake, na kuwaachilia wazee wa pande zote mbili, hukabidhi hadhira mtu wa kuchukia.

Kutoka jukwaani hadi Nyalenda

Waluo hawakuwa na mfalme mmoja aliyewatawala wote. Ruoth aliongoza kwa kushauriana na wazee, na ni serikali ya kikoloni, baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 na Nyanza kuhamishwa kutoka Uganda mwaka 1902, iliyowapa machifu mamlaka ya amri. Kwa hiyo mfalme wa tamthilia zetu za ukanda huu asitafutwe ikuluni, bali katika boma. Na boma halikutoweka mji ulipokua. Nyalenda, iliyo kusini mwa kitovu cha Kisumu, ilikuwa ardhi ya koo nje ya mipaka ya mji wa kikoloni. Mji ulipoimeza katika miaka ya 1970, sehemu kubwa ya ardhi ilibaki mikononi mwa familia, nazo zikajenga vyumba vya kupangisha. Mahali palipokuwa na shamba la mikayi na shamba la nyachira, sasa pana safu za vyumba na kodi ya kila mwezi.

Hapo ndipo nyiego inapokutana na sheria ya dola. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inaeleza katika kifungu cha 40 kwamba mali ya mume wa wake wengi asiyeacha wosia hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na mjane aliye hai huhesabiwa kuwa mmoja wa ziada. Ikiwa nyumba ya kwanza ina mjane na watoto watano, na ya pili ina mjane na watoto wawili, mali huwa mafungu tisa: sita kwa ya kwanza, matatu kwa ya pili. Desturi ingeiacha kila nyumba na shamba lake. Sheria inahesabu vichwa, wa kike na wa kiume. Kila njia ina mshindi wake na mshinde wake, na hakuna kati yao aliyechagua kanuni ya mchezo. Mwanamke anayedai fungu lake kwa njia yoyote kati ya hizi mbili huonekana kama Goneril, mwenye tamaa, hata pale anapodai stahili ya watoto wake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba msuko wa ndugu wa kike wanaomgombea mfalme ni msuko wa urithi kabla haujawa msuko wa mapenzi. Tamthilia inayoanza katika chumba cha kulala huwa imechelewa. Ilipasa ianze pale ambapo baba anapanga ndoa, au mwenye boma anapima mashamba. Kiluo kililijua hilo kilipomwita mke mwenza nyieka: kiliutaja mgogoro kwa mahali unapokaa, ndani ya nyumba yenyewe. Kazi ya mtunzi wa leo si kuifuta nyiego jukwaani, kwa maana hadhira ya Nyalenda haitamsadiki. Kazi yake ni kumrudisha mfalme mbele ya macho ya hadhira, aulizwe kwa nini aliandaa mnada, na kumpa binti wa Lang'o jina.