Kihatarishi si hatari

Wataalamu wa usalama kazini wanaotumia Kiingereza hutenganisha "hazard" na "risk". Neno la kwanza hutaja kitu au hali yenye uwezo wa kudhuru. La pili hutaja uwezekano wa mtu kudhurika kweli, pamoja na uzito wa madhara hayo. Kwa dhana ya kwanza Kiswahili cha Tanzania kina neno zuri, kihatarishi, ambalo kwa umbo lake ni kile kinachohatarisha. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi hulitumia hivyo unapotaja vihatarishi vya ajali na magonjwa. Wakaguzi na wahasibu wa serikali, hata hivyo, wameliingiza katika "usimamizi wa vihatarishi" wakikusudia dhana ya pili. Hapo ndipo mfanyausafi anapoponzwa.

Tuchukue mfanyausafi wa ofisi au nyumba ya wageni wilayani Rungwe, iwe Matwebe au Tukuyu mjini. Stoo ina dumu la klorini na chupa ya dawa ya choo yenye tindikali. Vyote ni vihatarishi hata vikiwa vimefunikwa, ila hapo havijamgusa mtu. Akivichanganya akidhani choo kitang'aa zaidi, hutoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Hata klorini peke yake, ikikutana na mkojo uliolala, hutoa kloramini inayochoma macho na koo. Sasa ongeza baridi na mvua za Tukuyu, ambazo humfanya mtu afunge dirisha. Dumu ni lile lile ambalo lingekuwa Dar es Salaam penye madirisha wazi, lakini hatari imepanda. Muda nao huipandisha: utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Bergen, uliochapishwa mwaka 2018, ulifuatilia watu zaidi ya 6,000 wa Ulaya kwa takriban miaka 20 na kuona kwamba uwezo wa mapafu ya wanawake waliofanya usafi ulishuka haraka kuliko wa wasioufanya. Wanawake hao hawakuhitaji ajali yoyote ili wadhurike.

Kuna watakaosema neno hatari latosha, kwani lipo hata kwenye vibao vya transfoma na kila mtu hulielewa. Kwenye kibao linatosha kweli, kwa sababu kazi yake ni kukufukuza. Mfanyausafi hawezi kufukuzwa mbali na klorini. Ndiyo kazi yake. Hoja nzito zaidi ni kwamba glovu humkinga mtu, istilahi haimkingi. Lakini vifaa kinga ni ngazi ya mwisho katika taaluma hii: kwanza kiondoe kihatarishi, au kibadilishe, kisha rekebisha hewa na utaratibu wa kazi. Tena glovu haizuii gesi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri tathmini, na mwajiri anayeandika kwenye fomu ya tathmini "kihatarishi: kemikali" kisha akaweka alama kwamba glovu zimetolewa, ameorodhesha tu mali iliyomo stoo. Hajasema dawa inatumika kwa saa ngapi, kwenye chumba chenye dirisha gani, wala nani aliyemweleza mfanyausafi chupa zipi zisikutane. Fomu inahitaji safu ya pili ya kuandikia hayo, nayo ningeiita hatari, bila kuiundia neno jipya.