Nani Anazishika Mita za Ufukweni? Funzo la India, Hispania na Ufaransa kwa Tanzania

Nchi nyingi zinapotaka kulinda pwani huanza na kipimo cha umbali: kutoka mstari wa maji kujaa hadi mita kadhaa bara, ujenzi wa kudumu ni marufuku. Kipimo hicho hupendwa kwa kuwa huandikika kwa urahisi, huonekana kwenye ramani, na hakimu hukielewa bila kusomea bahari. Makala hii inadai kwamba wingi wa mita hautuelezi mengi kuhusu ulinzi wenyewe. La kuuliza kwanza ni nani mwenye uwezo wa kuzipunguza, na nani mwenye haki ya kumzuia.

Tuanze na India. Mwaka 1991 serikali kuu, kwa mamlaka ya Sheria ya Mazingira ya 1986, iliuweka chini ya udhibiti ukanda wa mita 500 kutoka mstari wa maji kujaa, na katika pwani za vijijini ikapiga marufuku ujenzi mpya ndani ya mita 200 za kwanza. Ni kipimo kikubwa, ila kiliwekwa kwa tangazo la wizara, na kinachoandikwa na wizara wizara hukifuta. Tangazo hilo lilirekebishwa zaidi ya mara 20 kabla ya kuandikwa upya mwaka 2011, kisha 2019, ambapo mita 200 zilishushwa hadi 50 katika vijiji vyenye msongamano wa watu. Katika mfululizo huo, rasimu ya 2008 ndiyo iliyokwama. Wavuvi waliipinga kwa nguvu, na mwaka 2009 ikaachwa. Breki hiyo ilitoka nje ya sheria, kwa watu ambao riziki yao iko ufukweni.

Hispania ilikwenda mbali zaidi. Katiba yake ya 1978 inazitaja fukwe kuwa mali ya umma, na Sheria ya Pwani ya 1988 iliongeza ukanda wa ulinzi wa mita 100 kwenye ardhi binafsi inayopakana nazo, au 20 palipokuwa tayari mjini. Wenye nyumba zilizojikuta ndani ya eneo la umma walipewa vibali vya muda badala ya miliki. Mwaka 2013, uchumi ukiwa taabani, bunge liliruhusu vibali hivyo virefushwe hadi miaka 75, na likapanua orodha ya makazi yanayotosheka na mita 20. Ilichukua robo karne kufika hapo. Sheria ya bunge hudumu kuliko tangazo la wizara, lakini nayo haina kinga dhidi ya wingi wa kura siku ambapo mahoteli na nyumba za likizo vinaonekana kuwa wokovu wa uchumi.

Ufaransa nayo ina mita 100 zake, zilizowekwa mwaka 1986 kwa maeneo yaliyo nje ya makazi. Nguvu yake, hata hivyo, imo katika chombo kilichoitangulia sheria hiyo. Conservatoire du littoral, taasisi ya umma iliyoundwa mwaka 1975, hununua ardhi ya pwani na kuihifadhi, na leo inalinda zaidi ya hekta 200,000. Ardhi ikishaingia katika miliki yake ya kudumu, kuitoa kunahitaji robo tatu ya kura za bodi pamoja na amri ya serikali iliyopitia baraza kuu la kisheria la dola. Uangalizi wa kila siku huachiwa zaidi serikali za mitaa. Hivyo kila kipande kina mwenye dhamana anayejulikana, na mkono mmoja hautoshi kukiondoa.

Msomaji atasema Ufaransa ina fedha za kununua ardhi, sisi hatuna. Tanzania Bara haihitaji kununua kwa kiwango hicho, maana kwa sheria za ardhi za 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Tunachopungukiwa ni mshika dhamana. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe, kisha kinampa Waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli ndani ya mita hizo hizo. Kwa umbo, hapo tumesimama karibu na India kuliko Ufaransa. Isitoshe, mvuvi mwenye kibanda dikoni na mwekezaji mwenye hoteli hupimwa kwa mita zile zile, ingawa wa kwanza hawezi kuifanya kazi yake mahali pengine.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatoa pa kuanzia. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaweza kuyataja kwa majina madiko, maeneo ya kuanikia mwani na dagaa, na njia za kwenda baharini. Ni kweli kwamba kijiji nacho hushawishika, na halmashauri yake inaweza kukubali fedha za leo. Ndiyo maana ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji isitoshe peke yake, wala saini ya Waziri isitoshe peke yake. Kila upunguzaji wa mita upite kwa wote wawili, na sababu zake zitangazwe hadharani. Mita 60 zenye walinzi wawili wasiotegemeana zitaifaa pwani kuliko mita 500 ambazo ofisi moja inaweza kuzifuta.