Kujinoa kwa tafsiri na uandishi wa Kiingereza kabla ya mtihani wa uzamili

MHITIMU wa chuo kikuu anayerejea nyumbani Chekalini, Kaunti ya Kakamega, akiwa na shahada ya kwanza na azma ya kusomea uzamili, aghalabu hudhani kwamba Kiingereza si kikwazo kwake tena. Amefunzwa kwa lugha hiyo tangu shule ya msingi, akaifanyia KCSE na kuandikia kazi zake zote za chuo.

Hata hivyo, kuna mitihani ya kuingilia masomo ya uzamili ambayo humpima kwa jambo ambalo pengine hakuwahi kufunzwa: kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine, na kujenga hoja kwa Kiingereza sanifu huku dakika zikihesabiwa.

Anayefeli hupoteza zaidi ya alama. Ada ya mtihani hairejeshwi, nauli ya kwenda Nairobi huwa imekwishatumika, na huenda ikambidi asubiri mwaka mzima kabla ya kujaribu tena. Kwa sababu hiyo, maandalizi hayana budi kuanza mapema, hata kwa mtu anayeishi mbali na maktaba kubwa.

Mitihani yenyewe

Katika vyuo vikuu vingi nchini Kenya, mwombaji wa uzamili hateuliwi kwa mtihani bali kwa daraja la shahada yake ya kwanza. Kwa kawaida huhitajika daraja la pili la juu, au daraja la pili la chini likiambatana na tajriba ya kazi.

Kozi za tafsiri na ukalimani ni tofauti, maadamu cheti pekee hakionyeshi kama mtu ana uwezo wa kutafsiri. Mfano wa karibu ni Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kina Kituo cha Tafsiri na Ukalimani.

Chuo hicho ni mmoja wa washirika wa mpango wa uzamili wa bara la Afrika unaojulikana kwa kifupi kama PAMCIT. Mpango huo ulitokana na kongamano lililofanyika Gigiri, Nairobi, mnamo 2009. Washirika wengine ni vyuo vya Ghana, Cameroon, Senegal, Msumbiji na Misri.

Katika taaluma hii lugha za mtu hupangwa kwa herufi. Lugha A ni ile anayoimudu kikamilifu kama yake ya asili. Lugha B si ya asili kwake, lakini anaweza kufanya kazi kwa kutafsiri kuingia katika lugha hiyo. Lugha C ni ile anayoielewa vyema na kutafsiri kutoka kwayo tu. Mtahiniwa anapaswa kujua mapema lugha zake ziko katika kundi gani, kwani mazoezi ya kila kundi ni tofauti.

Kwa anayetaka kusomea ng'ambo, mitihani ni mingine. IELTS ya kitaaluma huwa na dakika 60 za uandishi na kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza takwimu, mchoro au mchakato kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni maradufu ya ile ya kwanza. Matokeo yake kwa kawaida hutambuliwa kwa miaka miwili.

GRE, inayohitajika na baadhi ya vyuo vya Marekani, ilipunguzwa mnamo Septemba 2023 na sasa ina insha moja ya dakika 30. Mitihani hii miwili haina swali la tafsiri. Hata hivyo, zoezi la kutafsiri ni mojawapo ya njia bora za kujiandaa kwa insha zake, kama itakavyoelezwa.

Mtaji wa Chekalini, na mtego wake

Chekalini ni wadi katika eneobunge la Lugari. Lugari ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mashamba ya walowezi yaliyogawiwa Waafrika wakati wa Uhuru wa 1963, na familia zilizohamia huko zilitoka sehemu mbalimbali za Magharibi.

Kutokana na historia hiyo, mtoto wa huko anaweza kuzungumza lahaja moja ya Kiluhya nyumbani, kusikia nyingine kwa jirani, kutumia Kiswahili sokoni na kukutana na Kiingereza darasani. Kabla ya kufika chuo kikuu huwa amekwisha kuwa mkalimani wa nyanya yake zahanatini au wa mgeni barabarani.

Huo ni mtaji mkubwa. Anajua, bila kufundishwa, kwamba jambo moja husemwa kwa njia tofauti katika kila lugha.

Lakini mtaji huo una mtego. Katika mazungumzo, msemaji huruhusiwa kuchanganya ndimi. Neno la Kiswahili likimpotea, huchomeka la Kiingereza na mazungumzo yakaendelea. Kwenye karatasi ya mtihani hakuna ruhusa hiyo. Kila pengo lililokuwa likizibwa kwa neno la kuazima hudhihirika.

Fauka ya hayo, shule haikumpima kwa tafsiri. Karatasi tatu za Kiswahili katika KCSE zimekuwa zikihusu insha, ufahamu, muhtasari, matumizi ya lugha na isimujamii, na fasihi. Mwanafunzi anaweza kupata alama ya A bila kutafsiri hata aya moja.

Makosa yanayojirudia

Kosa kuu ni kutafsiri neno kwa neno. Sentensi "The committee failed to reach a decision" huandikwa na wengi kuwa "Kamati ilifeli kufikia uamuzi". Kamati haikuwa ikifanya mtihani. Kiswahili husema tu "Kamati haikuafikiana" au "Kamati haikufikia uamuzi".

Kosa la pili linahusu saa. "Saa tatu asubuhi" kwa Kiingereza ni "nine o'clock", wala si "three". Katika taarifa ya ajali au ushahidi wa mahakamani, kosa hilo hubadilisha habari nzima.

Kosa la tatu ni la ujamaa. Kiingereza kina neno "uncle" kwa kaka ya mama na kaka ya baba. Kiswahili hutofautisha mjomba na amu. Sentensi "My uncle inherited the land" haiwezi kutafsiriwa kabla ya kutafuta katika matini ni ndugu yupi. Katika jamii ambazo shamba hurithiwa kwa upande wa baba, tofauti hiyo ni nzito.

Ugumu hugeuka mtu anapotafsiri kuelekea Kiingereza. Kiswahili hakionyeshi jinsia katika kiambishi cha nafsi: "alifika" huweza kuwa mwanamume au mwanamke. Kiingereza humlazimisha mtafsiri kuchagua. Aidha, Kiswahili hakina "a" na "the", hivyo mtafsiri hulazimika kuamua kila mara ikiwa kinachotajwa ni kitu kinachojulikana au ni cha kutajwa mara ya kwanza.

Nyakati nazo ni mtihani. "Amevaa koti" si "has worn a coat" bali "is wearing a coat". "Nimechoka" ni "I am tired". Naye "aliyefiwa na baba yake" hawezi kuhamishwa na muundo wake wa kutendwa; Kiingereza husema kwamba baba yake alifariki, au kwamba amempoteza baba.

Mifano hii inaonyesha jambo moja: mtafsiri hasafirishi maneno bali maana, na kabla ya kuandika hana budi kujiuliza nani alifanya nini, kwa nani na lini.

Zoezi la kwenda na kurudi

Mbinu ya kujinoa iliyo rahisi kuliko zote haihitaji mwalimu wala ada. Mtahiniwa huchukua aya ya Kiingereza sanifu, huitafsiri kwa Kiswahili, huiweka kando kwa siku kadhaa, kisha huirudisha katika Kiingereza bila kuutazama mwanzo wake. Mwishowe hulinganisha Kiingereza chake na kile cha awali.

Mbinu hii ni ya kale. Roger Ascham, aliyemfunza Elizabeth kabla hajawa malkia wa Uingereza, aliieleza katika kitabu The Scholemaster kilichochapishwa mnamo 1570, miaka miwili baada ya kifo chake. Yeye alikuwa akifunza Kilatini, na wanafunzi walikipeleka katika Kiingereza na kukirudisha.

Benjamin Franklin wa Marekani alifanya jambo la jamaa na hilo. Akiwa kijana mjini Boston, alisoma makala za jarida la The Spectator la London, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, akaziacha siku chache, kisha akajaribu kuziandika upya kwa maneno yake. Alipozilinganisha na za awali, aliyaona makosa yake na kuyarekebisha.

Faida ya zoezi hilo ni kwamba kosa hujitokeza lenyewe. Anayeandika insha peke yake kijijini huenda akarudia kosa moja mara mia bila kulitambua. Anayerudisha aya katika lugha yake ya awali huwa na kielelezo mkononi.

Yafaa kuwa na daftari lenye safu tatu: kilichoandikwa, kilichostahili kuandikwa, na sababu ya kosa. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani zaidi. Kosa la "a" na "the" likitokea mara kumi, mtahiniwa atajua pa kutilia mkazo.

Matini za kutumia

Ukosefu wa vitabu si kisingizio. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 inapatikana kwa Kiingereza na Kiswahili, na Kifungu cha 7 kinazitaja lugha zote mbili kuwa rasmi. Mtahiniwa anaweza kutafsiri kifungu kifupi kisha kukilinganisha na toleo la Kiswahili.

Asisahau kwamba Kifungu cha 259 kinaeleza kuwa matoleo ya lugha tofauti yakikinzana, lile la Kiingereza ndilo lenye nguvu. Huo ni ukumbusho kwamba neno moja katika tafsiri ya sheria laweza kuzua mgogoro.

Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la Desemba 10, 1948 lina vifungu 30, vingi vikiwa vifupi, na limetafsiriwa kwa Kiswahili. Tahariri za magazeti nazo hufaa kwa kuwa hujenga hoja moja katika nafasi ndogo.

Kwa anayetaka kuona tafsiri ya kifasihi, Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ile ya The Merchant of Venice aliipa jina Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mnamo 1969. Mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza aligeuka mabepari wengi. Mtahiniwa akijiuliza ni kipi kilichoongezeka na kipi kilichopungua katika jina hilo, atakuwa ameanza kufikiri kama mtafsiri.

Kuhusu nadharia, kitabu Kitangulizi cha Tafsiri cha H.J.M. Mwansoko na wenzake, kilichotolewa na TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mnamo 2006, kimeandikwa kwa Kiswahili na kinafaa kwa anayeanza.

Programu za kutafsiri katika simu zina nafasi yake, ila si ya kufanya zoezi kwa niaba ya mtahiniwa. Ni heri atafsiri mwenyewe kwanza, kisha aisahihishe kazi ya programu kama mwalimu. Katika ukumbi wa mtihani hatakuwa na simu.

Kuandika insha kwa saa

Aliyezoea kupamba insha za Kiswahili kwa methali na tamathali hushangaa anapopata alama chache katika insha ya kitaaluma ya Kiingereza. Insha hiyo hudai msimamo utajwe katika aya ya kwanza, kila aya ibebe hoja moja, na kila hoja iungwe mkono kwa mfano au sababu.

Katika insha ya IELTS watahini hutazama mambo manne kwa uzito sawa: kulijibu swali, mtiririko wa hoja, msamiati, na sarufi. Mwenye msamiati mpana asiyelijibu swali hupoteza, sawa na mwenye hoja nzuri ambaye sentensi zake zimevunjika.

Kwa insha ya dakika 40, mgao unaofaa ni dakika tano za kupanga hoja, 30 za kuandika na tano za kusahihisha. Wengi huruka hatua ya kwanza na ya mwisho, wakidhani wanaokoa muda.

Ratiba ya wiki

Anayefanya kazi ya kufundisha au ya shambani anaweza kumudu saa moja kwa siku. Jumatatu atafsiri aya ya maneno 150 kutoka Kiingereza. Jumanne atafsiri aya ya Kiswahili kuelekea Kiingereza. Jumatano aandike insha kwa saa. Alhamisi airudishe aya ya Jumatatu katika Kiingereza. Ijumaa alinganishe na kujaza daftari. Jumamosi abadilishane kazi na mwenzake au amwombe mwalimu wa sekondari aliye karibu aipitie. Jumapili asome tu.

Miezi mitatu ya ratiba hiyo humpa zoezi la tafsiri zaidi ya mara kumi kuelekea Kiswahili na zaidi ya mara 20 kuelekea Kiingereza, na insha zaidi ya kumi. Muhimu ni kuandika kwa kalamu pale ambapo mtihani ni wa karatasi, na kwa tarakilishi pale ambapo ni wa mashine.

Kazi ya watafsiri haijapungua. Mnamo Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar. Mikutano, mikataba na ripoti za taasisi hizo huhitaji watu wanaoweza kuandika lugha mbili bila kuzichanganya. Mhitimu wa Chekalini ana lugha hizo tayari. Kilichobaki ni kuzitenganisha karatasini.