Kura ya Komuni ya 1960 Mjini Usumbura

Nimekulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani. Nilipotakiwa kuandika juu ya uongozi wa mji, sikuanza na viongozi wa leo. Nilianza na bibi, mama yake mama, aliyezoea kutuambia kwamba mkubwa wa kwanza wa kuchaguliwa hapa alichaguliwa na wanaume peke yao.

Enzi za Wabelgiji mji uliitwa Usumbura. Watu wa milimani waliishi chini ya machifu wa Mwami. Waswahili wa Buyenzi na Bwiza hawakuhesabiwa huko: mitaa yao ilikuwa na utawala wake, nao mkuu aliwekwa na serikali ya kikoloni. Chifu wa kurithi hawakuwa naye, wa kumchagua hawakuwa naye pia.

Novemba na Desemba 1960 ikaja kura ya komuni. Wananchi wachague madiwani, kila komuni iongozwe na burugumesta. Kwa maandishi, jambo kubwa. Lakini Louis Rwagasore, aliyewaanzishia wafanyabiashara ushirika mwaka 1957 na kupendwa sana na Waswahili, hakuweza kufanya kampeni. Ndugu wa karibu wa Mwami walikatazwa siasa, naye alikuwa mtoto wa Mwambutsa. Tarehe 27 Oktoba akawekwa kizuizini. Alipoachiwa Desemba, kura zilikuwa zimekwisha. PDC ikashinda, UPRONA yake ikawa ya pili.

Mwanzoni nilijiambia: ni madiwani tu. Kumbe matokeo hayohayo ndiyo yaliyofungua njia ya serikali ya muda ya Januari 1961, chini ya Joseph Cimpaye. Aliyeshika komuni alishika nchi.

Umoja wa Mataifa ukasimamia uchaguzi mwingine, wa bunge, tarehe 18 Septemba 1961. Safari hii wanawake nao walipiga kura. UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64. Ni miezi tisa tu baada ya kushindwa! Tarehe 13 Oktoba Rwagasore akapigwa risasi hapahapa mjini, akila chakula cha jioni hotelini.

Bibi hakumkumbuka burugumesta hata mmoja kwa jina. Alikumbuka foleni ya Septemba: alisimama toka alfajiri, mtoto mgongoni, na aliporudi nyumbani hakumwambia babu amempigia nani.