Kale Njema ya Wamarekani

Mwaka 1881 mwimbaji mmoja wa New York, Tony Pastor, mtu mnene mwenye masharubu yaliyosokotwa kwa nta, alihamishia tamasha zake katika jumba la chama cha Tammany, Mtaa wa 14, akatangaza jambo ambalo wenzake katika biashara ile waliliona la kuchekesha: kwamba ukumbini mwake hapatakuwa na matusi wala ubeti wa aibu, na kwamba mtu na mkewe na binti yake wataweza kuingia, kuketi na kutoka pasi na kuinamisha uso. Ili kuipima thamani ya ahadi hiyo, yapasa kukumbuka hali ya kumbi za namna ile katika zama zake: moshi wa sigara umetanda, vileo vyauzwa papo hapo, watumishi wa kike wapata ujira wao kwa kadiri ya chupa wanazomshawishi mteja anunue, na mizaha ni ile ambayo mwanamume hawezi kuisimulia tena arudipo nyumbani. Mke wa mtu mwenye heshima zake hakukanyaga hapo. Na akikanyaga, heshima hiyo huiacha mlangoni.

Pastor alikuwa mcha Mungu, na sina sababu ya kuutilia shaka ucha Mungu wake. Lakini alikuwa pia mjuzi wa hesabu, naye alijua kwamba mwanamume ajaye peke yake hununua tiketi moja, ilhali yule ajaye na ahali zake hununua tano au sita. Basi ili kuwavuta wanawake, ambao kwa haki kabisa waliziogopa kumbi zile, aliwagawia zawadi: mapipa ya unga, magunia ya makaa ya mawe, mapaja ya nyama yaliyokaushwa kwa moshi, vitambaa vya magauni, na hata cherehani. Huo ndio mwanzo, au walau mmoja wa mianzo, wa kile ambacho Wamarekani wamekiita tangu hapo starehe ya watu wa nyumbani. Na naona si haki kuusimulia kana kwamba ulishuka kutoka mimbarini, ilhali ulipitia kwenye dirisha la kukatia tiketi.

Aliyeifanya hila hiyo kuwa mfumo ni Benjamin Franklin Keith wa Boston, ambaye pamoja na mshirika wake Edward Albee, wote wawili watu waliopata kufanya kazi katika sarakasi, alianza mwaka 1885 kuonyesha tamasha mfululizo, tangu mchana hata usiku, mtu akaingia saa aipendayo. Nyuma ya jukwaa palibandikwa tangazo lililowaonya wachezaji kwamba atakayetamka neno la kuapiza, au hata maneno ya mtaani ambayo leo mtoto wa shule huyatamka bila kufikiri, atafukuzwa kazi papo hapo. Wala onyo halikuwa la kutishia tu. Katika kumbi za Keith, zilizokuja kuenea katika miji mingi, msimamizi wa kila ukumbi aliketi Jumatatu kutazama onyesho la kwanza la wiki, akiandika habari za kila mchezaji: huyu amepigiwa makofi kwa kiasi gani, yule ametia mzaha gani usiofaa, neno gani limeamriwa liondolewe kabla ya jioni, kisha taarifa hizo zikapelekwa makao makuu, na mchezaji mkaidi, hata akisafiri maili mia tano, alikuta sifa zake zimekwisha kumtangulia. Wachezaji wenyewe, kwa kejeli, waliziita kumbi hizo madrasa ya Jumapili.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa usafi huo ulikuwa na mpaka wake, na mpaka huo haukutajwa katika tangazo lolote. Neno la kuapiza lilikatazwa; lakini mtu mweupe kujipaka masizi ya kizibo usoni, akaigiza Mweusi mvivu, mwoga na mwizi wa kuku, hilo halikuhesabiwa kuwa uchafu, bali lilipangwa katikati ya ratiba, baina ya mpiga fidla na mbwa waliofunzwa, na watoto wakalicheka pamoja na wazazi wao. Watazamaji Weusi, walipokubaliwa kuingia, kwa kawaida walipandishwa ghorofa ya juu kabisa. Kwa hiyo panaposemwa starehe ya watu wa nyumbani, inafaa mtu aulize ni nyumba gani iliyokusudiwa, kwa kuwa swali hilo litarudi tena na tena katika historia hii.

Vodevili, kama tamasha hizo zilivyoitwa, haikuishi sana. Ukumbi wake mkuu, Palace wa New York, uliofunguliwa mwaka 1913, uligeuzwa kuwa nyumba ya sinema mwaka 1932. Sinema nazo zikarithi shaka ile ile ya wazazi na dawa ile ile: kanuni za maadili zilizotungwa mwaka 1930 chini ya Will Hays, aliyepata kuwa waziri wa posta, na kutiwa nguvu kuanzia mwaka 1934 na Joseph Breen, Mkatoliki asiyecheka na mtu, ambaye bila muhuri wake filamu haikuonyeshwa katika kumbi za makampuni makubwa. Kanuni hizo zilidumu hata mwaka 1968. Habari zake zimesimuliwa mara nyingi, na vile vitanda viwili vya mke na mume vilivyotengwa kama vya wagonjwa hospitalini vimechekwa vya kutosha.

Lililo muhimu zaidi kwa maudhui yetu ni badiliko lililotokea polepole ndani ya miaka hiyo. Pastor na Keith walikuwa wakifagia ukumbi, yaani mahali na saa ile watu walipoketi. Warithi wao, walipoona kwamba zama zenyewe hazifagiliki, pamoja na ukosefu wa kazi, vita, na miji iliyokuwa ikifurika wageni, waliugeuza ufagio kuelekea nyuma, wakaanza kuifagia kale. Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, kampuni ya MGM ilitoa filamu ya Meet Me in St. Louis, ambayo ndani yake familia moja ya mwaka 1903 haina msiba mkubwa kuliko hofu ya kuhamia New York. Na ajabu ni kwamba wengi walioijenga kale hiyo hawakuzaliwa ndani yake. Louis B. Mayer, bwana wa kampuni hiyo, aliyezipenda mno filamu za kijana Andy Hardy na mji wake mdogo wenye baba hakimu na mama mpishi, alizaliwa katika dola ya Kirusi. Irving Berlin, aliyetunga White Christmas, wimbo ambao askari wa mwaka 1942 waliulilia wakiwa ughaibuni, alikuwa Myahudi aliyezaliwa katika dola hiyo hiyo. Na Frank Capra, mwongozaji wa filamu aliyeupa ulimwengu mji wa kubuni wa Bedford Falls, aliletwa kutoka Sicily akiwa mtoto wa miaka sita. Mtu aliyenyimwa mji wa babu zake huweza kuujenga mwingine kwa mikono safi kuliko mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji hukumbuka pia harufu ya mitaro yake.

Walt Disney, kwa upande wake, alikuwa mwenyeji. Alizaliwa Chicago mwaka 1901, na mwaka 1906 babake, Elias, aliihamisha familia hadi shamba dogo karibu na Marceline, Missouri, mji wa reli ulio katikati ya mashamba. Huko mtoto Walt alikaa miaka minne hivi, na miaka minne hiyo ilimtosha kwa umri wake wote. Hata hivyo shamba lenyewe halikuwa bustani ya neema: kaka zake wawili wakubwa, walioona kwamba jasho lao lanufaisha mfuko wa baba tu, walitoroka usiku, Elias akaugua, shamba likauzwa, na familia ikahamia Kansas City, ambako Walt, mtoto wa miaka tisa au kumi, aliamshwa kabla ya alfajiri kwenda kugawa magazeti, msimu wa theluji nao ukiwamo. Ukizipima siku za Marceline kwa mizani ya siku zilizofuata, hutashangaa kwamba aliziona kuwa za dhahabu.

Siku ya tarehe 17 Julai 1955, katika Anaheim, California, mahali palipokuwa mashamba ya michungwa mwaka mmoja tu nyuma, alifungua Disneyland, na mgeni yeyote, apende asipende, sharti aingie kwa kupita Main Street, barabara kuu ya mji mdogo wa mwanzo wa karne. Mafundi wake walikuwa watu wa sinema, na walitumia werevu wa sinema: ghorofa za juu za majengo zilijengwa kwa kipimo kidogo kuliko za chini, hata jumba likaonekana refu kwa anayelitazama na bado likabaki dogo moyoni mwake, kama vile mtu mzima akumbukavyo nyumba aliyokulia. Palikuwa na tramu ya farasi, taa za gesi, duka la peremende, na stesheni ya reli. Wafagiaji walipita mchana kutwa, na kinyesi cha farasi hakikukaa chini muda wa kutosha kukanyagwa, jambo ambalo Marceline, nina yakini, haikupata kuliona.

Lakini tazama wageni hao walivyofika. Walikuja kwa motokaa, kwa barabara mpya ya mwendo kasi iliyopita kando ya uwanja, wakaziacha motokaa zao katika uwanja wa kuegesha uliokuwa mkubwa kuliko mji wenyewe, kisha wakalipa kiingilio ili watembee kwa miguu mbele ya maduka yaliyopangana. Mwaka uliofuata, 1956, serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya barabara kuu za taifa, na mwaka huo huo karibu na Minneapolis likafunguliwa Southdale, jengo la maduka lililofunikwa paa lote na kuzungukwa na viegesho. Na barabara kuu za miji midogo, zile za hakika, zikaanza kufunga milango. Ndiyo kusema kwamba Wamarekani walijengewa mfano wa barabara yao kuu katika saa ile ile waliyokuwa wakiiacha ya kweli, na gari lililowapeleka kuuona mfano ndilo lililoiua asili.

Televisheni ikafanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo zaidi, kwa kuwa kufikia mwaka 1960 karibu nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa nayo. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo shirika la CBS lilianza kuonyesha mchezo wa Andy Griffith, juu ya sherifu mjane wa mji wa kubuni wa Mayberry, North Carolina, amleaye mwanawe kwa nasaha badala ya fimbo. Sherifu huyo habebi bastola. Msaidizi wake, Barney Fife, anayo, lakini amepewa risasi moja tu, naye hutakiwa kuihifadhi katika mfuko wa shati. Mchezo ulikuwa wa kupendeza, na mimi ni miongoni mwa wanaoupenda bado, kwa kuwa wachekeshaji wenye subira kama ile ni adimu. Griffith mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1926 katika mji wa Mount Airy wa jimbo hilo, alikiri baadaye kwamba, ingawa hadithi iliwekwa katika miaka ya sitini, roho yake ilikuwa ya miaka ya thelathini.

Na ilibidi iwe hivyo. Miezi minane kabla ya onyesho la kwanza, tarehe 1 Februari 1960, katika Greensboro ya jimbo hilo hilo, wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, wakaagiza kahawa, wakakataliwa, wasiondoke. Na jambo hilo likaenea Kusini kote. Katika misimu minane ya Mayberry, mchezaji Mweusi mmoja tu alipewa sehemu yenye maneno ya kutosha, nayo ni mwaka 1967. Kipindi cha mwisho kilionyeshwa tarehe 1 Aprili 1968, mchezo ukiwa wa kwanza kwa wingi wa watazamaji nchini. Siku tatu baadaye Martin Luther King akauawa kwa risasi huko Memphis.

Mwaka 1971 CBS, kwa kutaka watazamaji vijana wa mijini wenye fedha ya kununua bidhaa zinazotangazwa, iliifuta takribani michezo yake yote ya mashamba. Kiu, hata hivyo, haikufutika. Mwaka uliofuata shirika hilo hilo lilitoa The Waltons, familia ya milima ya Virginia katika dhiki ya miaka ya thelathini, likauweka mchezo huo katika saa ile ile ya washindani wenye nguvu, hata wengi wakadhani umewekwa hapo ufe. Nao ukaishi miaka tisa. Njaa ya mwaka 1933 ilikuwa imekwisha kutamaniwa.

Mtunzi wake, Earl Hamner, alikuwa akisimulia nyumba yake mwenyewe katika kijiji cha Schuyler. Katika mchezo, baba ana kiwanda cha kupasua mbao ua wa pili tu, watoto humsikia akifanya kazi, na chakula cha jioni hakiliwi pasipo yeye. Baba wa kweli, kiwanda cha mawe cha kijijini kilipofungwa, alikwenda kufanya kazi katika mji wa Waynesboro, akikaa huko wiki nzima na kurudi Ijumaa kwa basi, kisha kwa miguu maili kadhaa gizani. Na hadithi iliyozaa mchezo wote ni ya usiku mmoja wa Krismasi ambao alichelewa, na nyumba ikamngoja.

Mwezi Januari 1992 Rais George Bush, akitafuta kura, alisema kwamba anataka jamaa za Marekani zifanane zaidi na Waltons na zipunguze kufanana na Simpsons, familia ya katuni ya wakati huo. Katika mwaka huo huo skuli ya zamani ya Schuyler, aliyosomea Hamner, ilifunguliwa kuwa makumbusho. Na ndani yake pakajengwa jiko na sebule ya familia ile, si kwa kufuata nyumba ya akina Hamner, iliyokuwa ikisimama bado hatua chache kutoka hapo, bali kwa kufuata ile ya studio ya California.