Haki ya kazi na uhuru wa sendika: tuliyoyaona kwetu Manono na Kiambi

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari ya sheria ambazo Wamarekani wanaziita "haki ya kazi". Mtu wa kwetu akisikia jina hilo anafikiri mara moja kwamba serkali imeahidi kumpa kila mtu kazi. Hata kidogo. Sheria hizo hazimpi mtu kazi, wala hazimkatazi patroni kumfukuza. Zinasema neno moja tu: hakuna mapatano kati ya sendika na patroni yanayoweza kumlazimisha mtumishi kuingia katika sendika ao kuilipa mchango, kusudi aishike kazi yake. Tunataka kueleza kwanza namna neno hilo lilivyozaliwa, kisha tulipime kwa habari za inchi yetu wenyewe, maana sisi watu wa Tanganyika tumeona sendika ya kukatazwa, kisha sendika ya kulazimishwa, moja nyuma ya nyingine.

Mwaka 1935 Wamarekani walitoa sheria ya kuwapa watumishi wa kompani ruhusa ya kujiunga na kuongea juu ya mshahara kwa sauti moja. Sendika ikichaguliwa na watumishi walio wengi mahali fulani, inakuwa msemaji wa wote, hata wa wale wasioitaka. Hapo shida ikaanza. Nyongeza ya mshahara inawafikia wote, lakini mchango unatoka katika mifuko ya wengine tu. Kwa hiyo sendika ziliomba mapatano na mapatroni: kila anayekula matunda asaidie kulima. Mapatroni wengi walikataa, na majimbo ya kusini yakawasikiliza. Mwaka 1944 Florida na Arkansas ziliandika katazo hilo ndani ya katiba zao. Mwaka 1947 ikatoka sheria kubwa ya Taft na Hartley, ambayo Rais Truman aliikataa lakini baraza likaipitisha juu ya kichwa chake. Kifungu chake cha 14(b) kinaliachia kila jimbo uhuru wa kukataza mapatano ya namna ile. Leo majimbo 26 kati ya 50 yanayo sheria hiyo. Michigan, inchi ya watengenezaji wa motokari, iliingia mwaka 2012, ikaifuta sheria yake mwaka 2023. Missouri ilikuwa imeandika sheria yake mwaka 2017. Mwaka 2018 wananchi wenyewe wakapiga kura, na karibu watu wawili juu ya watatu wakaikataa.

Watetezi wa sheria hizo wanasema wanalinda uhuru wa mtu mmoja mbele ya kundi. Neno hilo si la kudharauliwa, tutalirudia. Lakini mwenye kusoma historia ataangalia pia ni nani aliyelisema kwanza, na kwa nini. Mmoja wa watu walioeneza sheria hizo mwanzoni, Vance Muse wa Texas, aliwatisha Wazungu wa kusini kwamba sendika zitawachanganya na watu weusi katika chama kimoja. Ndiyo sababu Martin Luther King alizipinga waziwazi mwaka 1961. Na matokeo? Katika majimbo yale watu wa sendika ni wachache kuliko mahali pengine. Ni kweli kwamba mengi yao yalikuwa na sendika dhaifu hata kabla ya sheria, basi si haki kuitwisha sheria mzigo wote. Lakini sendika inayolazimishwa kumsemea asiyelipa, na haina njia ya kumwomba hata franka moja, sanduku lake linapunguka mwaka kwa mwaka.

Sasa turudi kwetu. Kiambi iko kando ya mto Luvua, mahali mashua za kutoka Ankoro zinapofika mwisho wa safari, kwa kuwa mbele yake maji yanaruka juu ya mawe. Huko juu, katika maporomoko ya Piana-Mwanga, kompani ya Géomines ilijenga masini ya umeme kabla ya Vita Kubwa ya Pili, kusudi kuendesha machimbo ya bati ya Manono. Basi vijiji vya Luvua vilijua kazi ya mshahara mapema.

Kazi ile ilikuwa chini ya sheria gani? Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 ilitengeneza kontra ya kazi ya Mwafrika. Ilimlinda kwa mambo fulani, kama posho na dawa, tusikatae. Lakini mtumishi aliyevunja kontra yake aliweza kutiwa kifungoni. Tuseme vizuri: deni kati ya watu wawili lilikuwa kosa la gereza kwa mmoja wao. Nyuma ya kontra ilisimama kodi ya kichwa, ambayo ilitaka feza, na feza ilikuwa kwa mzungu. Ile nayo wangaliweza kuiita haki ya kazi; kilichokosekana ni haki ya kuacha kazi.

Sendika hakukuwa nayo kwa Mwafrika. Mwaka 1941, vita ilipopandisha bei za vitu, watumishi wa Union Minière kule Élisabethville waliacha kazi na kuomba nyongeza. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika kiwanja cha mpira, na waaskari wakapiga risasi. Walikufa watu makumi, kati yao karani Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Hatutaki kupita upesi juu ya habari hii. Watu wale hawakuwa na chama, wala wajumbe waliojulikana na sheria, wala meza ya kuongelea. Walikuwa na kiwanja tu. Serkali ya Wabelgiji iliona hatari hiyo baada ya kumwaga damu, na mwaka 1945 bandari ya Matadi nayo ikagoma.

Ndipo ilipotoka amri ya tarehe 17 Machi 1946, iliyowaruhusu Waafrika kufanya sendika. Kuruhusu kwenyewe kulikuwa kwa namna ya pekee. Sendika ilifungiwa katika kazi yake na katika eneo lake, ikatiwa chini ya ulinzi wa serkali, na mjumbe wa administrateri aliweza kukaa katika mikutano yake. Pembeni, kompani kubwa zilisimamisha mabaraza yao ya watumishi, ambamo watu waliongea juu ya posho, nyumba na bwalo la mpira, na mkubwa wa kazi aliyaongoza. Katikati ya miaka ya 1950, inchi nzima ikiwa na watu zaidi ya milioni moja wa kazi ya mshahara, wanachama wa sendika za Waafrika hawakufika 10,000. Ni nani atakayepeleka jina lake mahali administrateri anapolisoma?

Tunapaswa kusema pia neno juu ya Kanisa, kwa kuwa lilikuwa ndani ya mambo haya. Papa Leo XIII alikwisha kufundisha mwaka 1891 kwamba kujiunga katika vyama ni haki inayotoka katika maumbile ya mtu. Serkali hailitoi, basi haiwezi kuliondoa. Hata hivi, si wamisionari wote wa Kongo waliokuwa na haraka ya kulifasiri fundisho hilo kwa watumishi weusi. Sendika ya wakristo iliyoletwa kutoka Ubelgiji ilisaidia, lakini wengine waliipenda zaidi kwa kuwa iliwazuia watu wasiende kwa wasosialisti. Dekreti ya tarehe 25 Januari 1957 ilifungua mlango wazi zaidi kwa wote, weupe na weusi. Miaka mitatu nyuma yake tukapata uhuru, na sendika ya wakristo ikajiita Union des Travailleurs Congolais, U.T.C., chini ya André Bo-Boliko. Zilikuwako pia sendika nyingine, kati yao ile ya Cyrille Adoula, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1961. Zilishindana, zilitukanana hata. Mtumishi aliweza kutoka katika moja na kuingia katika nyingine, ao kukaa nyumbani.

Hayo yalikwisha mwezi wa sita wa mwaka 1967. Sendika zote ziliunganishwa ziwe moja, iliyoitwa baadaye UNTZA, na hiyo ikawa kiungo cha chama cha M.P.R. Wakubwa wa sendika waliingia katika wakubwa wa inchi: Bo-Boliko akawa kiongozi wa Bunge mwaka 1970, na waziri mkuu mwaka 1979. Hakukuwa tena na sendika nyingine ya kuchagua. Mchango ulikatwa katika mshahara kabla mtu hajaushika mkononi.

Basi hapa tumwite Mmarekani mtetezi wa "haki ya kazi" aje kuangalia. Atasema: mnaona? Chama cha kulazimishwa kinamla mtumishi. Na tutamjibu: ndiyo, lakini tazama vizuri ni nani aliyelazimisha. Watumishi wa Manono hawakupiga kura kusudi kila mwenzao alipe. Wala kompani haikupatana na wajumbe wao mezani. Amri ilitoka juu, na mchango ukaenda juu. Wasomaji wenye umri wanakumbuka salongo: kila mtu na jembe lake, asubuhi, kwa amri. Njia ililimwa kweli, lakini ni wangapi waliiona njia ile kuwa yao? Zamani kijiji kilikuwa na kazi za pamoja ambazo mwenye kuzikataa aliona haya mbele ya majirani. Salongo ya serkali iliiondoa haya hiyo, ikaweka woga mahali pake. Ndivyo ilivyokuwa kwa sendika.

Tena angalieni Manono yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serkali iliingia kuwa mwenye mali pamoja na Géomines, kompani ikaitwa Zaïrétain. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya bati ilianguka, na machimbo makubwa yakasimama. Sendika ilikuwa na majina ya watu wote katika vitabu vyake. Lakini sendika ilikuwa ya chama, chama kilikuwa serkali, na serkali ilikuwa patroni. Mtumishi aliyepoteza kazi angemshitaki nani kwa nani?

Mwezi wa nne wa mwaka 1990 vyama vingi viliporuhusiwa, UNTZA iliachana na M.P.R. na kuchagua wakubwa wapya. Sendika nyingine zikaota kama uyoga baada ya mvua, karibu mia moja katika miaka michache. Tulitoka katika moja ya lazima tukaingia katika nyingi zisizo na watu. Mwaka 2001 inchi yetu ilitia sahihi yake ya mwisho chini ya mapatano namba 87 ya Shirika la Kazi la Dunia, juu ya uhuru wa sendika, mapatano yaliyofanywa tangu 1948. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ikamkataza patroni kumpa ao kumnyima mtu kazi kwa sababu yumo katika sendika ao hayumo. Katiba ya 2006 inarudia uhuru huo, na inasema pia kwamba kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Kwa hiyo katika maandiko sisi tunakataza mambo mawili kwa pamoja: kukatazwa na kulazimishwa. Ni vizuri. Wajumbe wa watumishi ndani ya kompani wanachaguliwa na watumishi, hata wasio wa sendika.

Lakini yule anayekula bila kulima bado yuko, na mchango wa sendika zetu ni mdogo sana. Ng'ambo ya ziwa, majirani zetu wa Kigoma wana jibu lingine. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 haimlazimishi mtu kuwa mwanachama. Lakini sendika iliyo na watumishi walio wengi inaweza kupatana na patroni kwamba asiye mwanachama alipe ada isiyopita ile ya mwanachama, na ada hiyo itumike kwa faida ya watumishi tu. Kenya nayo ina njia ya kufanana na hiyo tangu 2007. Sisi tunaona njia hiyo inafaa zaidi kuliko ya Texas, kwa sharti moja: kwamba watu wahesabiwe kwanza. Pasipo kura ya kweli, ada ile itakuwa mchango wa UNTZA uliovaa nguo mpya.

Na jambo hili si la vitabu tu. Manono leo inasemwa duniani kote kwa sababu ya lithium, na AVZ ya Australia na Zijin ya China wameishindania mbele ya waamuzi. Huko watumishi wa kontra watahitaji wajumbe. Lakini watu wengi wa Luvua wanaotafuta feza katika udongo si watu wa kontra. Ni wachimbaji wa mikono, wa bati na koltani. Kwa hao sheria ya machimbo iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kila mmoja awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na serkali, la sivyo hana ruhusa ya kuchimba. Ndiyo kusema, chama cha lazima kimerudi kwetu, kwa mlango wa nyuma, na ni wachache walioliona jambo hilo. Kusudi lake lilikuwa jema: kuwalinda wachimbaji na kujua madini yanatoka wapi. Lakini mara nyingi, katika machimbo ya mashariki, koperative inaanzishwa na mwenye kununua madini ao na rafiki wa wakubwa, na mchimbaji anaikuta imekwisha kuwa na rais, na karani, na makato yake juu ya kila kilo. Sheria inamtaka mchimbaji aonyeshe karte. Kura iliyomweka rais yule, hakuna anayeombwa kuionyesha.